Hesabu ya Kilichoingia: Ushauri kwa Maafisa Lishe Wanaoanza Kazi Wodini

Ninyi mnaoanza kazi ya kuwalisha wagonjwa wasioweza kula kwa kinywa mtakabidhiwa faili lenye maagizo yaliyonyooka: mililita 250 za chakula cha maji kupitia mpira wa puani, mara sita kwa siku. Mkipiga hesabu mtapata mililita 1,500, na ikiwa kila mililita ina kilokalori moja, mgonjwa wa kilo 55 ataonekana ametimiziwa mahitaji yake, kwa kuwa kipimo tunachoanzia kwa watu wazima wengi waliolazwa ni kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito. Nawasihi msiishie hapo. Nendeni kitandani, chukueni chati ya wauguzi, mjumlishe kilichoingia kweli. Mtakuta mlo mmoja uliachwa kwa sababu mgonjwa alizuiwa kula akisubiri upasuaji ambao baadaye uliahirishwa, mwingine haukupita kwa kuwa mpira uliziba, na wa usiku ulitolewa nusu kwa kuwa alicheua. Jumla ni mililita 875. Hali hiyo ikiendelea kwa siku saba, mgonjwa atakuwa amekosa chakula cha karibu siku tatu, ilhali faili lake linasema analishwa vizuri.

Mkigundua pengo la namna hiyo, msianze kwa kulaumu. Muuguzi wa zamu ya usiku ana wodi nzima mikononi mwake. Msalimu kwanza, kisha muulize, "Sista, mlo wa saa sita ulikwamia wapi?" Jibu lake litakufundisha zaidi ya kitabu. Baada ya hapo zungumza na daktari ili iandikwe kwenye faili kwamba kiasi kilichokosekana, mgonjwa akiwa ametulia, kigawanywe katika milo iliyobaki ya siku hiyohiyo.

Hata hivyo, yupo mgonjwa ambaye hatari yake ni kinyume kabisa, na huyu ndiye ninayetaka mumkumbuke kuliko wote. Katika mwaka wangu wa kwanza nilimpokea mzee mwenye saratani ya umio, ugonjwa unaowasumbua watu wengi katika ukanda wetu wa mashariki mwa Afrika. Kwa wiki tatu alikuwa akimeza chai na maji tu, tena kwa shida. Alipowekewa mpira wa tumboni nilimwonea huruma, nikapanga apewe mahitaji yake yote tangu siku ya kwanza, na wanawe walinishukuru. Siku ya tatu miguu ilivimba, mapigo ya moyo yakaenda ovyo, akaanza kuhema kwa taabu. Daktari bingwa aliyekuwa kwenye raundi aliniuliza, "Ulianza na kiasi gani?" Tulipunguza chakula, akapewa potasiamu na vitamini B1, na baada ya siku kadhaa akatulia. Kosa lilikuwa langu, na tangu hapo sijawahi kupanga chakula cha mgonjwa bila kuuliza kwanza ni lini mara ya mwisho alikula akashiba.

Kilichompata mzee yule kinaeleweka ukiufuata mwili wenyewe. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu huishi kwa kuchoma mafuta yake, na akiba ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli hupungua hata kama kipimo cha damu bado kinaonyesha hali ya kawaida. Wanga ukiingia kwa wingi, insulini hupanda na kuyavuta madini hayo kutoka kwenye damu kuyaingiza kwenye seli, huku vitamini B1 ikitumika haraka katika kuuchakata wanga huo. Damu hubaki na upungufu wa madini hayo, na moyo na misuli ya kupumulia hukosa nguvu. Madaktari waliiona hali hii kwa wafungwa wa vita walioachiliwa mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, baadhi yao wakafa baada ya kupata chakula tele. Wenzetu wa wodi ya watoto wanalijua jambo hili siku nyingi: mtoto mwenye utapiamlo mkali aliyelazwa akiwa na hali mbaya huanza na maziwa ya F-75, yenye kilokalori 75 tu katika mililita 100, kabla ya kupandishwa. Kwa watu wazima, mwongozo wa mwaka 2006 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka walio katika hatari kubwa waanze na kisichozidi kilokalori 10 kwa kilo kwa siku, wapandishwe taratibu kwa siku nne hadi saba, na vitamini B1 itangulie chakula. Aliyekaa zaidi ya siku kumi bila kula chochote cha maana ni mmoja wao. Kama maabara yenu haipimi fosfeti, anzeni chini zaidi na mpime potasiamu kila siku.

Sasa nije kwenye uji, kwa sababu chakula cha kiwandani ni ghali na familia nyingi haziwezi kukinunua kwa miezi. Uji wa lishe ulio mzito haupiti kwenye mpira, basi ndugu huuzimua kwa maji. Pimeni wenyewe: lita moja ya uji mwepesi wenye gramu 60 za unga na gramu 30 za sukari ina takriban kilokalori 330, na mgonjwa akipewa lita mbili kwa siku tumbo litajaa ilhali mwili unakonda. Njia nzuri ninayoijua ni unga wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, jambo ambalo bibi zetu walilifahamu. Uji mzito ukiwa vuguvugu, kijiko cha kimea huulainisha kwa dakika chache bila kuongeza maji, kisha uchemshwe tena na kuchujwa. Tumieni maziwa badala ya sehemu ya maji, na kijiko kikubwa cha mafuta kitaongeza kilokalori 120 hivi.

Kuhusu mpira wenyewe nitasema kwa ufupi. Kupuliza hewa na kusikiliza tumboni hakuthibitishi kwamba umefika pazuri. Ulizeni kama kuna picha ya eksirei au kipimo cha asidi (pH) cha majimaji yaliyovutwa kupitia mpira kinachosoma 5.5 au chini yake. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, na maji safi yapitishwe kabla na baada ya kila mlo.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani isiwe siku ya kwanza ya mafunzo. Mtafuteni mapema yule atakayelisha, ambaye mara nyingi ni mke au binti wa mgonjwa, wala si kijana anayejibu maswali kwenye raundi. Mpeni bomba la sindano, kaeni pembeni, na mumwache alishe milo mitatu mbele yenu. Mwisho mpeni daftari aandike kila mlo kwa mililita, aje nalo kliniki baada ya wiki mbili.