Jibu: Mdudu wa kwenye kunde mwenye miguu ya nyuma minene

Mkuu, umeuliza kama mdudu mweusi anayenyausha ncha za kunde zako ndiye yule wa picha za Marekani, mwenye miguu kama majani. Ukoo ni mmoja, Coreidae, ila siye. Wale wa Marekani ni Leptoglossus. Ugoko wao wa nyuma umetanuka ukawa bapa. Wako, kwa ulivyomweleza, ni Anoplocnemis curvipes, aliyezagaa Afrika kusini mwa Sahara. Huyu jani hana. Dume ana paja nene lililopinda, lenye mwiba kwa ndani, na ndilo analombania mwenzake wakigombea jike.

Kamata mmoja (atakunukia, vumilia) umwangalie vizuri: vipapasio vina pingili nne, mdomo wa kufyonzea umelazwa chini ya kifua, na ule utando wa bawa la mbele umejaa mishipa mingi. Tundu la harufu liko ubavuni mwa kifua. Kwa tunutu (mdudu mchanga, asiyekamilika mabawa) liko mgongoni, juu ya tumbo.

Huku pwani tuna ndugu yake, Pseudotheraptus wayi, anayepukutisha vidaka vya mnazi. Ukiwa na minazi, majimoto (wale chungu wekundu wa mitini) usiwaue, wanamdhibiti kuliko dawa nyingi.