Koti la miaka ya 80, sketi ya marinda na mkoba wa mnyororo: namna ya kuvivaa Nairobi bila kuonekana unaigiza

Dada uliyeanzisha mjadala huu humu jukwaani, umetaja vitu vitatu vya mtumba: koti la sufu la miaka ya 80 lenye mabega mapana, sketi ndefu ya marinda na mkoba wa ngozi wenye mnyororo. Unataka kuvivaa kazini na mjini bila watu kukuuliza unaenda kuigiza wapi. Wengi humu wamekwambia "vaa tu kwa kujiamini". Kujiamini hakupunguzi bega lililozidi. Tatizo lako ni vipimo kwanza, halafu ni kuvaa vitu vya zama moja vyote kwa pamoja. Vipimo ni kazi ya fundi. Hilo la pili utalimaliza mwenyewe mbele ya kioo.

Tuanze na koti, maana ndilo lenye kazi. Lijaribu juu ya blauzi nyembamba, kisha tafuta kwa kidole mahali mfupa wa bega unapoishia. Mtindo wa wakati ule ulitaka bega lipite mfupa, kwa hiyo mshono wa mkono ukiwa sentimita 1 au 2 nje, usishtuke. Hapo shida ni padi za mabega tu. Ukizidi sentimita 4, mkono mzima lazima ung'olewe, bega likatwe, kichwa cha mkono kipunguzwe, ndipo kirudi kwenye kwapa jipya. Kila fundi atakwambia anaweza. Wanaoweza kweli ni wachache, na malipo yao mara nyingi hupita bei ya koti lenyewe. Koti kama hilo liache sokoni hata kama kiuno kimekukaa sawasawa, kwa kuwa kiuno kinapunguzika kwa mishono miwili ya pembeni.

Usizitoe padi na kuacha patupu. Aliyekata koti alihesabu unene wa padi, kwa hiyo ukiziondoa, kitambaa hubonyea karibu na mfupa wa shingo na mikunjo ya mshazari hushuka kuelekea kwapani. Koti huonekana limechoka, na wewe pia. Weka padi nyembamba za nusu sentimita hadi 1 badala ya zile nene. Utazipata kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji mjini, pande za River Road na Biashara Street. Fumua bitana pale inapokutana na kwapa, sentimita 10 zinatosha. Kata nyuzi zinazoshika padi ya zamani, kisha weka mpya ukingo wake mnene ukielekea mkononi na upite mshono wa mkono kwa sentimita 1. Ishike kwa uzi uliolegea kidogo, kwa sababu uzi ukikazwa kibonyeo chake huonekana upande wa nje. Mwisho funga bitana kwa mkono.

Mikono ikiwa mirefu, angalia vifungo vya penye kifundo cha mkono kabla ya kumpa fundi. Kama ni pambo tu na hakuna matundu yaliyokatwa, atafupisha kutoka chini bila taabu. Kama matundu ni ya kweli, kufupisha huyasogeza karibu na ukingo na koti huharibika sura. Hapo afadhali uikunje mikono mara mbili hadi chini ya kiwiko, bitana ionekane. Hata kwa koti lisilo na shida ya urefu, huu ndio ujanja rahisi kuliko wote wa kulileta koti zito katika siku ya kawaida. Pia vifungo vya rangi ya dhahabu ndivyo vinavyopiga kelele kuliko kitu kingine chochote kwenye makoti hayo. Badilisha kwa vifungo vya rangi ya kitambaa, na vile vya zamani uvitie kwenye mfuko wa ndani wa koti visipotee.

Sasa kuvaa. Juu pakiwa papana, chini pawe pembamba au panyooke: jinzi iliyonyooka na fulana nyeupe isiyo na maandishi, au suruali ya kazini ya rangi moja. Viatu viwe vya leo. Raba nyeupe safi au viatu bapa vya ngozi vinatosha. Ukivaa koti hilo na viatu vya kisigino chembamba, hereni kubwa za kubana na rangi nyekundu ya midomo, umejenga mwaka 1986 mzima na hakuna atakayekuelewa ofisini Upper Hill. Kwangu kipimo ni vitu viwili vya zamani, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, na vinavyobaki viwe vya sasa tena vya kimya. Koti na pini ya kola, sawa. Koti, sketi na mkoba kwa siku moja, hapana, ingawa kila kimoja ni kizuri.

Hali ya hewa yetu inakusaidia. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi ni baridi ya kutosha koti la sufu, lakini mchana jua likitoka utalivua. Kwa hiyo unachovaa ndani lazima kiweze kusimama peke yake. Blauzi ya hariri ya mtumba ndani ya koti la mtumba inakurudisha kule kwa vitu viwili vikubwa, basi chagua shati la pamba la kawaida.

Sketi ya marinda ina mtego wake. Kwanza jua kitambaa. Vuta nyuzi mbili kutoka kwenye akiba ya mshono kwa ndani, uzishike kwa koleo juu ya sinki, uwashe. Uzi ukiyeyuka na kuacha tone gumu lisilopondeka, ni poliesta. Ukinuka nywele zilizoungua na jivu likapondeka, ni sufu au hariri. Ukinuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, ni pamba au viskosi. Marinda ya poliesta yaliwekwa kwa joto na hayafi kwa kufuliwa, ila pasi ya moto mkali huyaua au huacha mng'ao usiotoka. Marinda ya sufu na viskosi hufunguka ukiyafua. Kabla ya kuloweka, piga bandi, yaani mshono wa muda wa mkono, kila rinda chini na katikati, fua, anika, piga pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, ndipo ufumue bandi. Inachosha, lakini bila hivyo utabaki na sketi iliyomwagika.

Kufupisha nako kuna mahali pake. Marinda yaliyo sawa juu hadi chini hufupishwa kutoka kiunoni, kwa sababu ukikata chini lazima uyafungue na kuyapiga pasi upya. Yale yanayoanza membamba kiunoni na kupanuka chini hufupishwa chini, kwa pindo jembamba la mashine, maana ukiyakata juu kiuno kinakuwa kikubwa. Mwambie fundi hivyo kabla hajashika mkasi. Urefu mzuri wa viatu bapa ni pale shavu la mguu linapoanza kupungua. Sketi ikiishia penye unene wa shavu hilo, miguu huonekana mizito hata ya mtu mwembamba.

Juu ya sketi hiyo vaa kitu kifupi au ukichomeke: sweta linaloishia kiunoni, au fulana iliyobana kiasi na mkanda wa ngozi. Miezi ya kiangazi poliesta hujishika miguuni. Petikoti ya pamba humaliza shida hiyo. Na kama unapanda boda, ikunje sketi yote mbele na uikalie. Marinda yanayopepea karibu na gurudumu la nyuma ni hatari kabla hata ya kuwa suala la mitindo.

Mkoba. Uguse kwanza kwenye mikunjo na kingo. Ngozi halisi huchakaa kwa kupauka na kupata mikwaruzo. Ngozi ya bandia hubanduka kama ganda la kitunguu. Ikianza kubanduka hakuna polishi wala gundi itakayoituliza, kwa kuwa utando wa plastiki wenyewe unavunjika kwa unyevu na umri. Shida hiyohiyo ndiyo inayowaliza watu kwenye viatu vya mtumba vinavyoonekana vipya: soli za poliyurethani huoza zikiwa zimehifadhiwa tu. Bonyeza soli kwa ukucha na uikunje. Ikitoa unga au ufa, rudisha. Mkoba wa ngozi wenye ukungu ufute kwa siki na maji nusu kwa nusu, kitambaa kikamuliwe vizuri, ukauke kivulini siku nzima ndipo upake mafuta ya ngozi. Mnyororo ukiwa mrefu, upitishe mara mbili kwenye matundu yake ili mkoba ukae chini tu ya kwapa. Mkoba mdogo unaoning'inia gotini ndio unaoleta ule mwonekano wa harusi.

Kuhusu kununua, kwa kuwa umesema unarudi kwenye masoko ya Gikomba na Toi. Belo, yaani furushi la mtumba, likifunguliwa, kamera, zile nguo bora kuliko zote, hutoka kwanza na bei yake ni ya juu. Fagia ni kile kilichobaki baada ya kila mtu kupita. Vitu vya zamani mara nyingi hulala katikati, kwa sababu wachuuzi wengi wanatafuta vya sasa. Nenda na tepu na vipimo vyako vilivyoandikwa, na usiamini namba. Namba 14 ya Uingereza ya miaka ya 70 inaweza kumbana anayevaa 12 leo, na 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani. Laza nguo, pima kifua toka kwapa hadi kwapa, uzidishe kwa mbili. Koti linahitaji kuzidi mwili wako kwa sentimita 8 hadi 12, kiuno cha sketi kwa 2 au 3. Suruali za marinda mbele hupunguzika kiunoni kwa mshono wa nyuma hadi sentimita 4 au 5. Zaidi ya hapo mifuko ya nyuma hukaribiana na kuonekana kama macho makengeza.

Inua sufu juu ya mwanga uone matundu ya nondo. Vuta lastiki, ikitoa sauti ya kukatika imekufa. Angalia kwapa. Madoa ya manjano ya jasho kwenye pamba nyeupe hupakwa uji mzito wa magadi ya kupikia na maji kwa saa moja kabla ya kufua. Jik usiitumie hapo, huzidisha manjano, na kwenye sufu au hariri hula kitambaa chenyewe. Harufu ya belo hutoka kwa kikombe kimoja cha siki ndani ya lita 10 za maji, nusu saa, kisha suuza na uanike penye upepo.

Wanaodai kila kitu kilichofifia ni cha zamani wasome lebo. Lebo yenye anwani ya tovuti si ya miaka ya 80. Iliyoandikwa Ujerumani Magharibi ni ya kabla ya Oktoba 1990. Nguo za Marekani zilianza kulazimishwa kuwa na maelezo ya kufua mwaka 1972, na alama za picha peke yake bila maneno ziliruhusiwa kule 1997.

Mwisho, kuna aliyeuliza humu kama lazima vitu vya zamani vitoke ng'ambo. Kaunda suti ya baba au babu ni bora kuliko nusu ya makoti ya Gikomba, hata kama Spika Wetang'ula aliipiga marufuku bungeni Novemba 2023. Usivae juu na chini pamoja. Chukua ile ya juu, ivae wazi kama koti jepesi juu ya fulana na jinzi, mifuko yake minne ibaki mitupu ili isivimbe. Ikiwa kubwa, fundi apunguze mishono ya pembeni tu na asiguse mifuko. Kama ina mkanda wa kitambaa, ufunge nyuma kwa ulegevu, au uutoe na vitanzi vyake pamoja, kwani vitanzi vitupu huonekana kama umesahau kitu nyumbani. Ya mikono mifupi inakaa vizuri kwa mwanamke pia, na kiondo cha mkonge kilichowekewa kamba mpya za ngozi kwenye soko la Kariokor kinaifaa zaidi ya huo mkoba wa mnyororo.