Betri Hubadilishwa, Bodi Haibadiliki

Anayetamani simu iliyobuniwa ifunguliwe na mwenyewe, kama Fairphone ya Uholanzi, ajue kwanza ni kipi ndani yake kinachobadilishika. Mimi ninatumia Fairphone 3, niliyoletewa na shemeji yangu kutoka Ujerumani, hapa hapa Mombasa ambako joto huchosha betri na hewa ya chumvi hula tundu la chaji mapema. Kwa upande huo sina lawama: mfuniko hubanduka kwa ukucha, betri hutoka kwa mkono, na kioo kimeshikwa kwa skrubu badala ya gundi, hivyo bisibisi moja ndogo yatosha. Hata kamera niliibadilisha, kwa sababu Fairphone 3+ ilipotoka mwaka 2020, kamera yake ya nyuma ya megapikseli 48 iliuzwa peke yake na kutoshea simu yangu iliyokuwa na ya megapikseli 12.

Uboreshaji wenyewe hukomea hapo. Prosesa, yaani ubongo wa simu, na kumbukumbu zimechomelewa kwenye bodi, ule ubao mkuu wa ndani, na vipuri vya Fairphone 4 haviingii kwenye 3. Anayeizeesha simu hasa ni mtengenezaji wa prosesa anapoacha kuihudumia kwa programu mpya. Fairphone 2 ya mwaka 2015 ilipatwa na hilo. Kampuni ya Fairphone ikajikokota yenyewe hadi Android 10, kisha masasisho ya programu yakakoma mwaka 2023. Ndiyo maana Fairphone 5 ilitiwa prosesa iliyokusudiwa vifaa vya viwandani, ambayo huhudumiwa muda mrefu, ikaahidiwa masasisho ya usalama hadi 2031. Tarehe hiyo ina uzito kuliko kamera yoyote, hasa kwa sisi ambao fedha zetu zimo simuni.

Suala la haki, ambalo ndilo maana ya "fair" katika jina la simu hii, nalo si pambo. Kobalti ya betri huchimbwa kwa wingi Kolwezi, nchini Kongo, na watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, na simu inayodumu miaka minane hupunguza uchimbaji huo.

Hata hivyo, fundi wangu wa Mwembe Tayari aliisifu simu hii, akauliza kioo chake hupatikana wapi, akacheka aliposikia Ulaya. Asiye na jamaa huko ni heri achague simu ambayo vioo vyake vimejaa madukani humu, mradi aulize kwanza masasisho yake yataisha mwaka gani. Aliye naye aagize betri ya akiba mapema, na msafiri aibebe kwenye mkoba wa mkononi, kwani betri za akiba haziruhusiwi katika mizigo inayowekwa chini ya ndege.