Kinundu cha kope: maswali yenu kuhusu kuchomwa sindano

*Bi mkubwa ana miaka 66, kinundu kope la juu kimekwanguliwa mara mbili kinarudi palepale, sasa dokta anataka kukichoma sindano apime. Si chokea tu hiyo?*

Kurudi palepale kwa mtu wa umri huo ndo kunatutia wasiwasi. Ndani ya kope la juu kuna tezi za mafuta kama 30 hivi zimejipanga, ikiziba moja unapata kinundu cha kawaida kisichouma, ikigeuka kansa nayo inaleta kinundu kinachofanana kabisa, hakiumi, watu wanakanda na maji ya moto miezi. Kansa yenyewe ni adimu. Ila kama na nywele za kope zinanyonyoka hapo msisubiri.

*Haitatoboa jicho?*

Hapana bana. Wanaweka ganzi, wanakinga mboni, alafu sindano, nyembamba sana, inapita ubapa wa kope, haielekezwi jichoni. Atapata uvilio kidogo tu.

*Tone moja mnaona nini?*

Mengi! Mi ndo kazi yangu hii. Tone linapakwa kwenye slaidi, moja inaachwa ikauke na hewa kwa rangi ya Giemsa, nyingine inatumbukizwa kwenye spiriti hapohapo, hiyo ya pili ukizubaa seli zinakauka zinaharibika. Za kansa ya tezi za mafuta viini vyake ni vikubwa vya ovyoovyo na pembeni kumejaa vitundu kama povu la sabuni. Vitundu vile vilikuwa mafuta, spiriti imeyayeyusha, kwa hiyo nikihisi ndo yenyewe naomba slaidi ambayo haijaguswa spiriti naipaka rangi ya mafuta iitwayo Oil Red O, mafuta yanatoka mekundu kabisa. Chokea sugu nayo ina mafuta lakini mle unakutana na seli za kinga ya mwili, zingine majitu yenye viini kibao, sio seli za kansa.

*Mzee wangu jibu limetoka "hakuna seli za kansa", tumepona?*

Ulizia sindano ilitoa nini. Ikitoka damu tupu hapo hatujapata kitu, sio kwamba hakuna kitu, na hilo watu wanalichanganya kila siku hata wahudumu wenyewe. Kama kinundu bado kinatia shaka kikatwe kipande cha nyama kikapimwe, mana sindano haionyeshi kansa imetambaa hadi wapi kwenye ngozi laini ya ndani ya kope. Na umshike mbele ya sikio na chini ya taya, ukikuta tezi imevimba mwambie dokta, hiyo nayo inachomwa sindano.