Panya wa mtegoni anajuaje ni mguu gani?
Ndugu yangu, panya wenu wa Langoni aliyebanwa na mtego anaumia, tena sana. Umeuliza ubongo wake unajuaje ni mguu gani. Akibanwa wa kulia, habari hupanda uti wa mgongo, huvuka upande wa pili, hupitia thalamasi (kituo cha ndani ya ubongo kinachopokeza habari za hisi), ndipo ifike gamba la hisi la kushoto, yaani sehemu ya tabaka la nje la ubongo inayopokea hisia za mwili. Hapo kila kiungo kina eneo lake, na masharubu yamejitwalia pakubwa mno (gizani ndiyo macho yake, ati!). Gamba hilo hutambua ni wapi na ukali kiasi gani. Ile karaha yenyewe hutegemea zaidi sehemu nyingine ya ubongo, iitwayo gamba la singuleti. Maabarani, panya walioharibiwa sehemu hiyo bado huonyesha dalili za maumivu, ila hawapakwepi sana mahali walipoumizwa.