Skipa wanaofanana: acha rangi, tazama ncha ya kipapasio

Jumanne nimepata ujumbe nilioungoja kwa muda mrefu. Rekodi yangu ya Thymelicus lineola, mmoja wa vipepeo wadogo waitwao skipa, ambayo ilibadilishwa jina ikaandikwa Thymelicus sylvestris, skipa anayefanana naye sana, imerudishwa kama nilivyoiandika mwanzo. Aliyenijibu ni mtunzaji mpya wa orodha ya rekodi za vipepeo. Ameifungua picha ya pili, ile niliyoipiga kutoka mbele, akaona kilichokuwa wazi siku zote. Nimefurahi mno, na sioni haya kusema hivyo.

Wenzangu mnaohangaika na skipa mtanielewa. Familia ya Hesperiidae ina spishi zipatazo 3,500 duniani, na wengi wao ni wadogo, wa kahawia au rangi ya chungwa, warukao kwa kasi hadi jicho linaachwa nyuma. Kujua kwamba huyu ni skipa hakuna shida: kifua kinene, kichwa kipana, vipapasio (zile pembe nyembamba za kichwani) vilivyoachana tangu shinani na mara nyingi ncha zake zimepinda. Shida inaanza ukitaka kujua ni skipa yupi.

Asubuhi niliyopiga picha za rekodi hiyo nilikuwa kwenye nyasi ndefu, umande bado haujakauka. Kwenye shuke moja alitulia skipa wa chungwa, mabawa ya nyuma ameyalaza, ya mbele ameyainua nusu, kama wakaavyo skipa wengi wa nyasi wakiota jua. Ukimtazama kwa juu hana cha kukuambia, kwani lineola na sylvestris wote wana chungwa lile lile na ukingo mweusi ule ule. Nikalala kifudifudi, viwiko vikalowa, nikaisogeza kamera taratibu mpaka ikawa chini kidogo ya usawa wa kichwa chake. Hapo tukatazamana uso kwa uso. Upande wa chini wa ncha za vipapasio, kushoto na kulia, ulikuwa mweusi tii, kana kwamba umechovywa kwenye wino. Sylvestris sehemu hiyo hiyo ana chungwa au kahawia.

Kulikuwa na ushahidi wa pili. Juu ya bawa la mbele palikuwa na mstari mweusi, maana yake alikuwa dume; mstari huo ni magamba maalumu yanayotoa harufu wakati wa kuchumbia jike. Wa lineola ni mfupi na mnyoofu. Wa sylvestris ni mrefu zaidi na umepinda kidogo. Wa huyu wangu ulikuwa mfupi na mnyoofu.

Nikatuma picha zote mbili, ya ubavuni na ya mbele, pamoja na maelezo ya vipapasio na ya mstari. Jibu la mtunzaji wa wakati huo lilikuwa sentensi moja: hawa hawatofautishwi kwa picha. Jina likabadilishwa bila mimi kuulizwa swali hata moja. Niliandika tena, nikapata kimya. Iliniuma, na bado inaniuma nikikumbuka, maana kukosolewa ninakubali, lakini kukosolewa na mtu ambaye hakufungua picha ni kitu kingine kabisa. Ushahidi ulikuwa mezani. Mtu aliamua kwa mazoea.

Na mazoea kwenye skipa yana historia ndefu. Uingereza, nchi ambayo watu wake walikuwa wamekusanya vipepeo kwa vizazi, ilimtambua lineola kuwa yumo nchini mwake mwaka 1889 tu. Kabla ya hapo aliruka mbele ya wataalamu wakimwita sylvestris. Hakuna aliyekuwa akitazama chini ya ncha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: piga magoti. Nenda mapema, au jioni, au wingu likifunika jua, kwa sababu skipa aliyepoa hukaa. Jua likipanda utabaki kufukuza vivuli. Msogelee kutoka mbele, usimwekee kivuli chako, na usibonyeze kamera mpaka uone ncha zote mbili. Picha ya mgongo ipige baadaye. Watu wengi hufanya kinyume, wanakusanya migongo kumi ya kupendeza, kisha wanarudi nyumbani bila jibu.

Ushauri wa pili ni kama wa kwanza, ila sasa ni bawa. Msomaji mmoja amenitumia picha ya skipa mnene wa kahawia, ameipiga kwa juu, anauliza ni spishi gani ya Coeliades, jenasi moja ya skipa. Ndugu yangu, sitakutajia jina kwa picha hiyo, na yeyote atakayekutajia anabahatisha. Kwa Coeliades wakubwa wa Afrika, geuza macho yako upande wa chini wa bawa la nyuma. Forestan ana utepe mweupe usio na doa. Pisistratus, ndani ya weupe huo, ana madoa meusi mawili au matatu. Anchises ana moja. Na uzuri wa Coeliades ni kwamba wakipumzika hupenda kuning'inia chini ya jani, mabawa wameyafumba, kwa hiyo upande unaouhitaji umekwisha kuwekwa wazi. Inama, tazama juu. Wengi hawainami.

Upande wa chini wa bawa la nyuma huokoa hata mahali pengine. Mashariki mwa Amerika Kaskazini kuna Erynnis juvenalis na Erynnis horatius, wote wa kahawia iliyoiva, wote hulaza mabawa wazi. Juvenalis kwa kawaida ana madoa mawili madogo ya rangi hafifu upande wa chini wa bawa la nyuma, karibu na pembe ya mbele. Horatius kwa kawaida hana. Kalenda nayo husaidia, maana juvenalis ni wa majira ya machipuko, ilhali horatius huendelea kuruka hadi kiangazi. Hali kadhalika ramani: lineola aliingia Amerika Kaskazini kutoka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, sylvestris hayuko huko, kwa hiyo aliyeko huko hana sababu ya kuumiza kichwa na jozi ile. Soma orodha ya spishi za mahali unapokwenda kabla hujafunga viatu.

Rangi niiseme mara moja tu. Skipa aliyeishi siku kadhaa amekwisha kupukutisha magamba, chungwa limefifia, madoa yamefutika. Ukimtambua kwa rangi, unatambua umri wake. Na programu za simu zinazotoa jina kwa kufumba na kufumbua ziulize zimeona nini. Kama picha haina ncha ya kipapasio, programu nayo haikuiona.

Halafu kuna wale ambao macho hayatoshi, na hapa ndipo ninapokasirika na watu wanaojaza majina ili orodha irefuke. Jenasi ya Pyrgus ina spishi ambazo hata mabingwa huzitenganisha kwa kuchunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini. Mwaka 2004 watafiti waliofanya kazi kaskazini-magharibi mwa Costa Rica walitangaza kwamba skipa aliyejulikana kwa jina moja, Astraptes fulgerator, pale pale alionekana kuwa spishi kumi. Waliokomaa walifanana karibu kila kitu. Waliowasaliti ni viwavi, kwa rangi zao na kwa mimea waliyokula, na vinasaba vikaunga mkono. Basi wewe na mimi na kamera zetu tuandike "Pyrgus" tuishie hapo, bila aibu, na anayetudharau kwa hilo atueleze yeye amepima nini.

Fuateni viwavi na mayai pia, ndugu zangu. Jozi yangu ya chungwa inatofautiana hata msimu wa baridi, wakati hakuna kinachoruka: lineola huupitisha akiwa ndani ya yai lililofichwa kwenye ala ya nyasi, yaani sehemu ya jani inayolizingira shina, wakati sylvestris amekwisha kuanguliwa, ni kiwavi mdogo aliyejifungia ndani ya kifuko cha hariri humo humo kwenye ala. Ninapanga kwenda kuzipekua nyasi zile zile zikishakauka, na safari hii nitapiga picha ya kila ala nitakayoifungua, kutoka pande zote.