Nihamie wapi kwa ajili ya pikipiki ya theluji?

Baridi ikikaribia, maswali ya kuhama huongezeka. Haya matano ndiyo yanayorudi zaidi.

Nina kibali cha kuishi Kanada, na kazi yangu naifanyia popote. Wewe ungekwenda wapi?

Revelstoke, British Columbia, bila kusita. Mji uko chini, kama mita 480 juu ya usawa wa bahari, lakini milima ya Boulder na Frisby iko karibu mno. Mlima Copeland, jirani yao, ulipata zaidi ya mita 24 za theluji msimu wa 1971–72, rekodi ya Kanada. Ila rekodi siyo inayonivuta. Huu ni mji wa reli wenye hospitali na shule, na mtu anaweza kupanda mlimani Jumanne asubuhi akawa kazini mchana. Wengi huchagua pa kuishi kwa kumbukumbu ya wiki moja ya likizo, wakati mkazi anaishi hizo Jumanne. Kabla ya kununua nyumba, tazama ramani ya maeneo yaliyofungwa ili kulinda karibuu wa milimani, wanyama wa jamii ya kulungu. Ni makubwa.

Mimi ni Mmarekani. Kila mtu ananiambia Cooke City, Montana.

Hawakudanganyi. Kijiji kiko takriban mita 2,300 juu, na pikipiki unaiwashia mlangoni. Tatizo ni barabara: wakati wa baridi upande wa mashariki hufungwa kwa magari, ikabaki moja tu, ile inayopita hifadhi ya Yellowstone kutoka Gardiner. Wakazi hawafiki mia mbili. Nenda wiki moja kila Februari, ufurahi, urudi kwako.

Kwa kuishi ningetazama Alpine au Afton, Wyoming. Jimbo halitozi kodi ya mapato, na kutoka Alpine hadi kwenye ajira za Jackson ni kilomita sitini hivi. Mji wa West Yellowstone nao si mbaya, mradi usidhani utacheza ndani ya hifadhi: humo huruhusiwi kutoka barabarani. Milima ya kupanda, kama Two Top na Lionhead, iko nje ya mpaka wake.

Je, kimo kinapunguza nguvu ya injini kiasi cha kunibadilishia uamuzi?

Kinapunguza, ndiyo. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza kama asilimia 3 kila unapopanda mita 300, kwa hiyo ukiwa mita 3,000 huko Colorado karibu theluthi ya nguvu imekwenda. Lakini siku hizi tabo hutoka nazo kiwandani. Ski-Doo, chapa ya pikipiki hizi, waliiweka kwenye modeli zao za mlimani za 2020. Hilo ni suala la mfuko wako, si la anwani yako.

Naogopa maporomoko ya theluji. Kuna mahali salama?

Hakuna. Kuna tofauti za hatari tu. Colorado theluji ya mwanzo wa msimu huwa nyembamba, na baridi kali huigeuza punje kama za sukari zisizoshikana. Kila dhoruba inayofuata inalala juu ya msingi huo mbovu, na ubovu unaweza kudumu miezi. Karibu na Pasifiki, kama kwenye milima ya Cascades, theluji ni nzito na hushikana upesi, hivyo siku mbaya zaidi mara nyingi ni zile za dhoruba yenyewe na zinazoifuata. Na Revelstoke ninayoisifu? Machi 2010 maporomoko ya Boulder yaliua watu wawili kwenye mkusanyiko wa waendeshaji.

Aliyefukiwa, nafasi yake ya kupona hushuka vibaya baada ya dakika kumi. Helikopta haiwahi. Wanaokuokoa ni wale ulioongozana nao, kila mmoja na kifaa chake cha kutoa ishara, fimbo ndefu ya kuidunga theluji kumtafuta aliyefukiwa, na koleo. Kwa hiyo, ukilinganisha miji, linganisha pia wenzako wa kupanda nao. Usipomjua mtu mjini utajikuta ukipanda peke yako.

Familia yangu inataka mji mkubwa. Denver au Salt Lake City?

Salt Lake City. Milima ya Uinta na ile ya Logan inafikika kwa gari asubuhi, wakati kutoka Denver Jumamosi utakaa kwenye foleni ya barabara kuu ya I-70 na trela nyuma. Boise, Idaho, nayo ifikirie, kwa sababu ya McCall, mji wa milimani ulio kaskazini yake.

Popote mtakapoamua, pangeni nyumba msimu mmoja kabla ya kununua, na muulizeni mwenye nyumba mapema trela itakaa wapi.